Teenage Fanclub: uanze na albamu ipi, ununue nakala ipi, na nani hasa anaimba

Swali la msomaji: "Nilisikia 'Everything Flows' ya Teenage Fanclub, ile bendi ya Uskoti, nikaipenda mno. Nikatafuta albamu zao, na ya kwanza kuifungua ilikuwa The King. Nikakuta magitaa yanapiga kelele tu, hakuna anayeimba. Baadaye nikaona albamu ziko zaidi ya kumi, na ndani ya albamu moja sauti ya mwimbaji inabadilika wimbo hadi wimbo. Nianze na ipi? Na nikitaka santuri, nichukue za zamani au zilizotolewa upya?"

Ndugu msomaji, The King iweke kando kwanza, maana ndiyo iliyokuchanganya. Ilitoka Agosti 1991. Waliirekodi harakaharaka pembeni ya kazi ya albamu yao Bandwagonesque, na karibu yote ni ala bila mashairi. Humo wamepiga "Like a Virgin" ya Madonna na "Interstellar Overdrive" ya Pink Floyd kama watu wanaojifurahisha baada ya kazi. Haikukaa sokoni muda mrefu. Mashabiki wengi huiruka wanapohesabu albamu za bendi, ndiyo sababu utakuta mmoja anataja idadi hii na mwingine ile. Hali ni hiyohiyo kwa Words of Wisdom and Hope ya 2002. Hiyo waliifanya pamoja na Jad Fair, Mmarekani wa bendi ya Half Japanese, na kwa sehemu kubwa yeye ndiye mwenye maneno, akiyasema zaidi kuliko kuyaimba. Si mbaya, lakini haitakuonyesha Teenage Fanclub ni nani. Ipo pia Deep Fried Fanclub ya 1995, mkusanyiko wa nyimbo za pembeni, yaani zisizokuwa kwenye albamu, za miaka ya mwanzo. Zote tatu ziachie mwisho.

Sasa hilo la sauti kubadilika. Sikio lako limesikia vizuri, na hapo ndipo penye ufunguo wa bendi nzima. Teenage Fanclub ilianzishwa mwaka 1989 na vijana wa Bellshill, mji mdogo kusini-mashariki mwa Glasgow, na wa maeneo ya jirani. Ndani yake mlikuwa na watunzi watatu: Norman Blake na Raymond McGinley kwenye magitaa, na Gerard Love kwenye besi. Kanuni yao ni nyepesi: aliyetunga wimbo ndiye anayeuimba, na wenzake wanamwitikia. Kwa hiyo unaposikiliza albamu moja, kwa kweli unasikiliza watunzi watatu waliogawana nafasi. Asiyelijua hili huona albamu zimekaa ovyo. Akishalijua, kila albamu inajipanga yenyewe masikioni.

Kuwatambua si kazi. Chukua Grand Prix ya 1995 na usikilize nyimbo tatu za kwanza kwa mfuatano wake. "About You" ni ya McGinley: sauti iko chini kidogo, kavu, maneno yanatoka yakiwa yamebanwa, na gitaa nalo limekazwa hivyohivyo. "Sparky's Dream" ni ya Love: sauti laini, yenye pumzi nyingi, inaelea juu ya besi ambayo yenyewe ina tyuni yake. "Mellow Doubt" ni ya Blake: sauti angavu na ya wazi kuliko zote, ya mtu anayekuimbia akiwa karibu, juu ya gitaa lisilo la umeme. Rudia hizo tatu mpaka uweze kumtaja mwimbaji kabla kibwagizo hakijafika.

Ukishaweza, nenda Songs from Northern Britain ya 1997, nyimbo tatu za kwanza pia: "Start Again" ya Blake, "Ain't That Enough" ya Love, "Can't Feel My Soul" ya McGinley. Kisha Shadows ya 2010: Love, Blake, McGinley. Kisha Here ya 2016: Blake, Love, McGinley. Katika albamu hizi nne kila mtunzi amepewa nafasi moja ndani ya nyimbo tatu za mwanzo, na zile mbili za mwisho zina nyimbo 12 kila moja, nne kwa kila mtu. Ni bendi chache sana zilizodumu kwa mgawanyo wa haki namna hii, na naamini ndiyo sababu kubwa ya nyimbo zao kutochoka: kila mmoja alikuwa na nafasi nne tu za kujaza, na alijua wenzake nao wanaleta nne nzuri.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni Grand Prix. Najua utakaowauliza wengi watakutajia Bandwagonesque, maana ndiyo iliyowapa jina, lakini kwa sikio linaloanza Grand Prix inafundisha zaidi. Ina nyimbo 13: tano za Blake, nne za Love, nne za McGinley. Waliitayarisha pamoja na prodyuza David Bianco, na ni albamu ya kwanza ya mpiga drams Paul Quinn, aliyempokea Brendan O'Hare. Quinn anapiga kwa kunyoosha, hajazi nafasi kwa madoido, na hapo unasikia tofauti: magitaa yanapumua na sauti zinakaa juu yake bila kugombana. Tungo nyingi ni fupi, zinaingia, zinatoa kibwagizo, zinakwisha. "Neil Jung" ndiyo inayojipa muda, na gitaa la mwisho linaachwa liende litakako. "Tears" ina kinanda na nyuzi, na wimbo wa kufunga, "Hardcore/Ballad", ni vipande viwili vilivyounganishwa, kimoja cha kelele na kimoja cha upole, kama jina linavyosema. Uingereza albamu hii ilifika nafasi ya 7 kwenye chati.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Spika ile haiwezi kutoa besi, na kwenye nyimbo za Love besi ndiyo inayobeba nusu ya wimbo. "Sparky's Dream" bila besi inabaki wimbo mtamu wa kawaida. Na spika moja inaunganisha kulia na kushoto, kwa hiyo magitaa mawili yanageuka moja na waitikiaji wanazama. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha, mradi zina pande mbili na hujazivaa sikio moja. Zima pia uchezaji wa kuchanganya nyimbo: mpangilio wa zamu za watunzi ndio unaokusaidia, na ukichanganya unaupoteza.

Ya pili iwe Songs from Northern Britain. Hii ndiyo iliyofika juu zaidi kwenye chati ya Uingereza, nafasi ya 3, na ndipo walipoimba vizuri kuliko mahali pengine popote. Sikiliza "Ain't That Enough" mara tatu kwa makusudi. Mara ya kwanza mfuate Love peke yake. Mara ya pili msahau Love, fuata wanaomwitikia: wanapanda pale anaposhuka, na wakati mwingine wanashika neno moja tu la mwisho. Mara ya tatu fuata magitaa, yanayopigwa wazi, nyuzi zikilia moja moja badala ya kukwanguliwa kwa pamoja. Kama umewahi kuimba kwaya utafahamu mara moja: hawaongezi sauti ya pili ili wimbo uwe mnene, wanaiongeza ili tyuni iwe na jibu. Wimbo wa McGinley "Your Love Is the Place Where I Come From" uko karibu na mwisho, mtulivu, hauna haraka ya kupendwa. Wengi huja kuugundua baada ya kuirudia albamu, kisha hawauachi tena.

Ndipo urudi nyuma kwenye Bandwagonesque, iliyotoka Novemba 1991 kwa lebo (kampuni ya rekodi) ya Creation ya Alan McGee, naye ni mtu wa Glasgow. Nchini Marekani ilitoka kwa DGC, lebo ileile iliyotoa Nevermind ya Nirvana miezi miwili kabla. Jarida la Spin lilipochagua albamu ya mwaka 1991 liliiweka Bandwagonesque juu ya Nevermind, na tangu hapo jambo hilo linatajwa kila bendi inapotajwa, kiasi kwamba msikilizaji mpya huiendea akitarajia ngurumo. Haina ngurumo. Ina magitaa yenye fazi nzito, yaani mlio uliochafuliwa kwa makusudi, yaliyopigwa pole, na chini yake tyuni laini zilizojifunza kwa Big Star, bendi ya Memphis ya miaka ya 1970. Prodyuza Don Fleming aliacha uchafu wa magitaa ubaki lakini sauti za waimbaji akazileta mbele. Huo ndio mlio wa albamu: chini panaunguruma, juu panaimbwa taratibu.

Anza na "The Concept", iliyo ya kwanza na yenye zaidi ya dakika 6. Wimbo wenyewe, beti na kibwagizo, unakwisha mapema. Kinachofuata ni mwendo wa polepole, waimbaji wanapandisha sauti bila maneno na gitaa linazungumza juu yao hadi mwisho. Wasikilizaji wasio na subira hukata hapo katikati wakidhani wimbo umekwisha. Subiri, sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya watu wengi waipende bendi. Kisha angalia mgawanyo: Love ana nyimbo tano zake mwenyewe, "Star Sign" na "December" zikiwamo, na ala ya kufunga "Is This Music?" Blake ana nne. McGinley ana moja tu, "I Don't Know". Huyohuyo mwenye moja mwaka 1991 ana nne mwaka 1995, na ndiye anayeifungua Grand Prix. Ukiijua hadithi hiyo kabla, "I Don't Know" unaisikia kwa sikio jingine.

Wewe umeanzia "Everything Flows", kwa hiyo A Catholic Education ya 1990 itakuvuta. Ni albamu yao ya kwanza, na wimbo wako ni wa pili katika orodha yake. Nikwambie kabisa ili usivunjike moyo: hakuna wimbo mwingine humo unaofanana nao kwa ubora. Magitaa yamerundikana, sauti ya Blake imezikwa, na baadhi ya vipande ni ala zinazorudia mzunguko mmoja. "Heavy Metal" iko mara mbili kwa sura mbili, na wimbo uliobeba jina la albamu vilevile. "Eternal Light" na "Everybody's Fool" ndizo za kutafuta baada ya hiyo yako. Kilichoko katika "Everything Flows", yaani tyuni ya huzuni juu ya gitaa linalovuma bila kukata, kimeendelea kwenye "Alcoholiday" ya Bandwagonesque na "Neil Jung" ya Grand Prix. Huko ndiko kwa kuufuata.

Thirteen ya 1993 ilipokelewa vibaya na wachambuzi ilipotoka, na mpaka leo inabeba lawama hizo. Kosa lake ni la mpangilio kuliko la tungo. Ina nyimbo 13, magitaa yote yako kwenye kiwango kimoja cha unene, na masikio yanachoka kabla ya nusu. Isikilize kwa mafungu mawili, upande wa kwanza leo na wa pili siku nyingine. "Hang On" na "Radio" za Love, na "Norman 3" ya Blake, zingekuwa fahari ya albamu yoyote. Ya mwisho, "Gene Clark", inaanza kwa gitaa refu linalomkumbusha mtu Neil Young, dakika kadhaa kabla hajaimba mtu, halafu Love anaingia kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni.

Za baadaye nitazipita kwa haraka zaidi. Creation ilipofungwa, Howdy! ya 2000 ikatoka kwa Columbia. Ni albamu nyepesi na yenye jua, na "I Need Direction" peke yake inatosha kuitafuta. Man-Made ya 2005 ndiyo ya kwanza kwa lebo yao wenyewe, PeMa. Waliirekodi Chicago kwa John McEntire wa bendi ya Tortoise, na inasikika kavu, kama chumba kisicho na mwangwi. Wengine huiona baridi, mimi naiona ndiyo inayoonyesha mifupa ya tungo zao vizuri kuliko zote. Shadows na Here ni za watu wazima, mwendo umetulia, na hazitaki kurudiwa mara moja bali kurudiwa mara nyingi.

Kuna pia mkusanyiko wa 2003 wenye jina refu, Four Thousand Seven Hundred and Sixty-Six Seconds: A Short Cut to Teenage Fanclub. Sekunde 4,766 ni dakika 79 na sekunde 26, karibu na ukomo wa CD moja. Ni bora kama zawadi kwa mtu asiyewajua, na una nyimbo tatu zilizokuwa mpya wakati huo, "Did I Say" mojawapo. Ila mkusanyiko unavunja zile zamu za watunzi nilizokueleza, ndiyo maana sikushauri uwe mlango wako wa kuingilia.

Tuje kwenye ununuzi. Matoleo ya mwanzo ya Creation utayatambua kwa namba mgongoni mwa jalada: Bandwagonesque ni CRELP 106 kwa santuri na CRECD 106 kwa CD, Thirteen ni 144, Grand Prix ni 173, Songs from Northern Britain ni 196. Katikati ya miaka ya 1990 watu walikuwa wamehamia kwenye CD na santuri zilichapwa chache, hivyo santuri za awali za Grand Prix na Songs from Northern Britain sasa zina bei kubwa. Mwaka 2018 albamu tano, kuanzia Bandwagonesque hadi Howdy!, zilitolewa tena kwa santuri baada ya kumastiwa upya, yaani sauti yake kusawazishwa kabla ya kuchapwa, katika studio za Abbey Road kwa usimamizi wa bendi yenyewe.

Kama nia yako ni kusikiliza, chukua za 2018. Uso wake ni tulivu na hakuna haja ya kubahatisha hali ya santuri aliyoitumia mtu mwingine kwa miaka 25. Za awali zinunue tu kama unapenda kukusanya, na hapo usiridhike na picha ya jalada. Omba picha ya santuri yenyewe chini ya taa iliyoinamishwa pembeni, maana mikwaruzo haionekani chini ya mwanga wa moja kwa moja. Omba pia picha ya namba zilizochongwa kwenye eneo tupu karibu na lebo ya katikati, uone zinalingana na namba ya jalada. Wauzaji hutaja hali ya santuri kwa alama: VG+ kwa muuzaji mwaminifu ina maana mikwaruzo midogo isiyosikika sana. VG bila jumlisha, kwa nyimbo tulivu kama za Songs from Northern Britain, utasikia kutatarika kote.

Liko tatizo moja linalowasumbua wengi na hawajui chanzo chake. Sauti za waitikiaji kwenye nyimbo za mwisho wa upande zinakwaruza, herufi za s zinachomachoma, na mtu anadhani kauziwa santuri mbovu. Mara nyingi si santuri. Kwa mwendo wa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 50 kwa sekunde, lakini ule wa ndani kabisa ni kama sentimita 21. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi ndogo, na sindano ya ncha ya mviringo wa kawaida haifiki kwenye pembe zake. Fazi na sauti tatu za juu kwa pamoja ndiyo mtihani mgumu kuliko yote.

Tiba yake ina hatua. Kwanza weka uzito wa sindano kama alivyoelekeza mtengenezaji wake. Kwa nyingi za kawaida ni kati ya gramu 1.8 na 2.2, na uzito mdogo mno huharibu santuri kuliko uliozidi kidogo, kwa sababu sindano inarukaruka ndani ya mfereji. Pili, panga pembe ya kichwa kwa karatasi ya vipimo, ukiangalia sehemu zote mbili zilizochorwa. Tatu, kama bado inakwaruza, badili sindano uchukue ya ncha ya duaradufu. Kwa kupima tumia wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza.

Kama santuri ni mzigo, CD za miaka ya 1990 ndizo nafuu ya kweli. Zilimastiwa kabla ya mashindano ya kuongeza ukubwa wa sauti kupamba moto, kwa hiyo zinasikika chini ukilinganisha na nyimbo za leo. Pandisha tu sauti, utapata nafasi yote kati ya gitaa na mwimbaji.

Jambo la mwisho ni la Love, maana ukifika albamu mbili za karibuni utamtafuta na hutampata. Aliondoka 2018, kwa kutokubaliana na mipango ya safari nyingi za ziara. Dave McGowan, aliyekuwa tayari bendini, akahamia kwenye besi, na Euros Childs, aliyekuwa wa bendi ya Gorky's Zygotic Mynci, akaingia kwenye kinanda. Endless Arcade ya 2021 na Nothing Lasts Forever ya 2023 ni za watunzi wawili. Ile ya pili ina nyimbo 10 na wanapokezana mmoja mmoja mwanzo hadi mwisho: Blake, McGinley, Blake, McGinley, mpaka McGinley anapoifunga kwa "I Will Love You" ya takriban dakika 7. Ni albamu nzuri, ila mizani imebadilika. Ile sauti ya kuelea haipo, na McGinley, aliyeanza na wimbo mmoja, sasa anabeba nusu ya kazi. Ukimkosa Love, itafute Electric Cables ya 2012. Ni kazi yake nje ya bendi, na imeandikwa kwa jina la Lightships, kwa hiyo ukitafuta kwa jina lake au la Teenage Fanclub huenda isitokee.